Ganda la Yai Katika Sinia Lisilo Lake

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia siku mwalimu wetu alipopanga mezani visahani vitano vyenye sukari, chumvi, ganda la yai, unga wa grafiti na urea (kitu kinachopatikana katika mkojo), akatuagiza tuvigawe katika masinia mawili, moja la vitu ogania na jingine la vitu isokaboni. Kazi hiyo niliiona ya kitoto. Sukari hutoka katika mmea na ganda hutoka kwa kuku, hivyo niliviweka upande wa ogania. Chumvi nikaipeleka kwa isokaboni pamoja na urea, kwa kuwa chupa yake ilionyesha kwamba ilitengenezwa kiwandani. Grafiti ilinisumbua kidogo, lakini kwa kuwa ni kaboni tupu, na neno isokaboni lenyewe lasikika kana kwamba kitu hakina kaboni, nikaiunga na sukari.

Nilikosea vitu vitatu kati ya vitano.

Mwalimu hakunisuta. Alidondosha asidi ya haidrokloriki juu ya kipande cha ganda, povu likatoka, na gesi yake akaipitisha katika maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Gesi ile ilikuwa kaboni dioksaidi, na ganda lenyewe, alieleza, takriban asilimia 95 ni kalsiamu kabonati, kampaundi ileile inayounda jiwe la chokaa. Nilipinga kwamba kabonati hiyo na grafiti zote mbili zina kaboni, basi zinaitwaje isokaboni? Akakiri kwamba neno letu limebana kuliko maana yake, kwa sababu wanakemia kwa desturi huziweka upande huo kaboni tupu, oksidi zake, kabonati na sianidi.

Kisha akaigeukia urea, na hapo ndipo somo liliponinasa. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, na wenzake walipoitenga kemia ya viumbe (ogania) na ile ya madini (isokaboni), wengi waliamini kwamba vitu vya viumbe huhitaji nguvu ya uhai ili vitokee. Mwaka 1828 mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler, akishughulika na amonia na sianati, aina ya chumvi iliyohesabiwa upande wa madini, alipata urea, akamwandikia Berzelius kwamba aliitengeneza bila kuhitaji figo, ya mtu wala ya mbwa. Imani ile haikufa siku hiyo (imani hazifi upesi hivyo), lakini asili ya kitu ilianza kupoteza nguvu kama kipimo, nami nilikuwa bado nakitumia kipimo hicho kusoma maandishi ya chupa.

Tulipewa basi kanuni nyepesi zaidi: tafuta kifungo cha kaboni na haidrojeni. Niliichora molekuli ya urea mara mbili, na mara zote mbili haidrojeni zote nne zilishikamana na naitrojeni, wala hakuna hata moja iliyoigusa kaboni. Nikanyoosha mkono. Mwalimu aliutazama mchoro kwa muda, akanirudishia kisahani cha urea.

“Kiweke kwenye ogania,” alisema, “lakini andika sababu zako.”

Niliandika karibu ukurasa mzima, na nafasi iliyobaki nikaitumia kuutetea ule utando mwembamba wa ndani ya ganda, ambao ni protini na ambao, kwa haki, ulistahili kubaki pale nilipouweka.