Peni ya kubonyeza na neno la Mama Nasri

Tangu Jumamosi nina neno limenikaa kooni, halishuki wala halitoki, nimeona bora niliandike hapa maana nyumbani nimeshawachosha, Husna jana kaniambia mama hiyo stori umeshanihadithia. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo, Zuhura kajifungua mapacha salama salimini Alhamisi alfajiri, mwenye fremu katangaza kodi mpya kuanzia Januari, lakini akili yangu yote iko kwa Mama Nasri, mteja wangu wa kushonewa.

Ilikuwa hivi. Kaja na kitambaa cha sare ya sendofu ya mtoto wa dada yake, fremu imejaa watu, Shabani yuko kwenye ovaloku, mi nampima. Mkono wa kushoto umeshika futi kifuani kwake, wa kulia umeshika peni yangu, nabonyeza kwa dole gumba, naandika kifua, nabonyeza, nibu, ile ncha yake ya kuandikia, inaingia ndani, nashuka kiunoni, nabonyeza, naandika. Daftari liko wazi pale kwenye meza ya kukatia. Akaitazama peni, akauliza:

"Fundi, hiyo peni bei gani?"

"Laki nne kasoro."

Akanyamaza. Hapo nilikuwa nimeshavuta daftari karibu niandike makalio. Afu akasema, taratibu tu, "Aaa. Ndo maana."

Basi. Hakuongeza kitu. Nikamalizia urefu wa mkono na mzunguko wa bega, akatoa advansi, akavuta mtandio wake akaondoka.

Ndo maana nini sasa? Nimelala na hilo swali, nimeamka nalo. Ndo maana mishono imepanda? Ndo maana dera la mdogo wake lilichelewa? Ndo maana fundi siku hizi anaringa? Kila nikikaa kwenye cherehani nasikia ile "aaa" yake, ilivyovutwa, na jinsi alivyoshusha macho. Gauni la kitenge lenye bitana kwangu sasa hivi elfu thelathini na tano, mwaka jana lilikuwa ishirini na nane, na kila mteja nimemweleza kwa mdomo wangu: bitana imepanda, gundi imepanda, uzi mzuri haushikiki, umeme ndo huo. Peni haimo humo. Peni nimeinunua kwa hela ya mchezo, zamu yangu ilipofika mwezi wa nane, wengine walinunua friji, mwingine kalipia tofali, mi nikamtumia shemeji yule wa magari aliyekuwa Yokohama, akarudi nayo kaifungia ndani ya soksi. Wanaonisoma siku zote wanajua nilivyokuwa nalala nikiisubiri.

Kinachoniuma ni hiki. Nilipoleta ile mashine ya umeme ya milioni na ushee watu walikuja kunipongeza, mama fulani kaleta hadi kashata. Mkasi wangu nao si wa bei ya kawaida na hakuna aliyewahi kuuliza. Lakini peni ikizidi mia tano inakuwa anasa, kama vile kuandika si sehemu ya kazi ya fundi. Jamani, kabla sijakata kitambaa cha mtu nimeshaandika. Nikiandika 34 ikasomeka 39 hakuna mkasi wala mashine itakayoniokoa.

Na hebu niwaambie kwa nini hii na si nyingine, maana hapo Mama Nasri hakunipa hata nafasi.

Inaitwa Pilot Capless. Wajapani waliitoa mwaka 1963, ile ya mwanzo ilikuwa ya kuzungusha, ya kubonyeza ikafuata 1964, na Marekani inauzwa kwa jina la Vanishing Point. Yaani mi sijazaliwa, mzee wangu bado kijana hajaanza ukarani wa mkonge, tayari kuna watu Japani wamekaa wanawaza namna ya kuondoa kifuniko kwenye kalamu ya wino. Na si kazi ndogo, maana wino wa kalamu hizi ni wa maji, hauko mzito kama ule wa biki. Nibu ikikaa wazi wino unakauka nchani, ukija kuandika inakwaruza karatasi kavu, unaanza kuikung'uta, na ukiikung'uta karibu na satini ya bibi harusi umekwisha, hicho kitambaa umeshakinunua wewe. Ndo maana zote zina kifuniko cha kubana. Hawa wenyewe wakaweka mlango mdogo sana ndani ya tundu la mbele. Ukibonyeza, nibu inakuja na mlango unaipisha, ukibonyeza tena nibu inarudi na mlango unafunga, kama kope. Nimeshauangalia kwa tochi ya simu usiku watu wamelala, unabonyeza polepole nusu, unauona unavyoinuka. Na mbonyezo wenyewe ni mrefu, si ule wa biki wa kukatika tak tak, huu unashuka, unashuka, afu ndo unasikia imekaa.

Kwa mtu wa ofisini labda huo ni uzuri tu wa kutazama. Kwangu ni mkono mmoja. Zamani nilikuwa na kalamu ya mzee, ile nyeusi ya kifuniko, na naipenda mpaka kesho, lakini nikimpima mtu mkono mmoja uko kwenye futi, mdomoni nina pini, kifuniko nikiweke wapi? Nikaishia kuiacha kwenye kabati na kurudi kwenye biki, na biki zenyewe mnazijua, inaandika vizuri kifua, kiuno inaandika nusu, makalio unakandamiza karatasi mpaka inatoboka.

Kingine, klipu yake iko upande wa nibu. Mwanzo inashangaza, maana ukiishika klipu inakaa katikati ya vidole, na kuna watu inawashinda kabisa, wanaona inawasumbua. Mi nashika kalamu kama nashika chaki ya fundi, dole gumba huku na cha shahada huku, klipu ikaingia pale katikati yenyewe. Lakini faida yake ni mfukoni. Ukiipachika kwenye mfuko wa aproni nibu inatazama juu, wino unabaki chini, na mlango umefunga. Nashona shela nyeupe nikiwa nayo kifuani na moyo wangu umetulia.

Joto la huku nalo lina mambo yake. Wino ukibaki kidogo sana ndani, hewa iliyobaki inapata moto, inatanuka, inausukuma wino nje. Kwa hiyo siachi ishuke sana, na siiachi kwenye meza ya dirishani mchana. Ilikuja na kile kibomba cha kufyonzea wino kutoka kwenye chupa, CON-40, kinabeba kama mililita 0.4, kidogo mno kwa daftari langu. Katriji ya Pilot, kile kichupa cha wino cha kuchomeka, inabeba 0.9, basi ikiisha siitupi, naijaza upya kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa. Jumapili usiku ndo kazi yangu hiyo. Nafungua mwili wa peni, nachomoa kile kipande cha ndani chote, nibu na wino wake vinatoka pamoja, nasuuza kwenye glasi ya maji mpaka ile bluu iishe, nakausha kwa kipande cha pamba, najaza, narudisha. Husna anasema hapo ndo huwa siongei na mtu. Kweli. Wiki nzima nimeongea na wateja, ile nusu saa ni yangu.

Nibu ni dhahabu ya karati 18, saizi F, yaani ya mstari mwembamba, na F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, hilo shemeji aliambiwa dukani na ni kweli, nimelinganisha na ya mzee. Kwenye karatasi ya kaunta buku ni jambo kubwa sana, maana karatasi ile inakunywa, kalamu nene wino unatambaa pembeni mpaka 6 na 8 hazitofautiki. Hii mstari wake unakaa pale pale. Kwa anayeitamani na hela hana, Platinum, Wajapani wengine hao, nao walitoa ya kubonyeza mwaka 2020, inaitwa Curidas, plastiki unaona ndani, nibu ya chuma, bei yake iko chini sana kuliko hii. Lamy ya Ujerumani walitoa yao Dialog 3, nzuri kwa macho, ila hiyo ni ya kuzungusha, mikono miwili, fundi hatuwezi.

Mzee nilipompelekea aione aliigeuza geuza akitafuta kifuniko. Nikambonyezea. Akaichukua, akabonyeza mwenyewe, akaniangalia, akabonyeza tena, akasema, "Tungekuwa nayo hii kule kwenye marobota." Alikuwa anasimama na daftari mkononi huku marobota ya mkonge yanapimwa, jua kali, na kifuniko kakibana kwenye meno, ananihadithia mpaka leo. Hakuuliza bei. Akaandika jina la marehemu mama nyuma ya bahasha, kwa ule mwandiko wake wa kulala, bahasha nimeitunza.

Nilitaka niishie hapo, nimeshatoa dukuduku langu nikalale. Lakini nilipokuwa naandika kuhusu 34 na 39 hapo juu nikasimama, kwa sababu hizo namba sikuzitunga, zimenijia tu, na nikajiuliza nimezitoa wapi. Nikaenda kulichukua daftari kwenye mkoba.

Ukurasa wa Mama Nasri una safu mbili. Ya kwanza ya kabla ya Idi, nimeandika kwa biki: kifua 44, kiuno 39, makalio 47. Ya pili ya Jumamosi, kwa peni, wino wa bluu iliyoiva: kifua 40, kiuno 34, makalio 43. Ziko bega kwa bega. Za biki zimefifia kidogo, za pili zinasomeka hata ukiwa umesimama mbali.

Sasa narudia tena upya. Kauliza bei. Nimemjibu huku navuta daftari. Daftari limekuja mpaka chini ya macho yake. Akanyamaza. Akashusha macho, hilo nalikumbuka vizuri, nimeliandika hapo juu mwenyewe, ila nilidhani kashusha kwa kunidharau. Afu ndo akasema, "Aaa. Ndo maana."

Hakuwa anaangalia peni tena. Sijui. Labda alikuwa anaangalia. Lakini mtu aliyepungua inchi tano kiunoni tangu Idi bila kufunga wala kufanya mazoezi, mtu ambaye nguo zake zote zinampwaya na hajui kwa nini, akikutana na namba zake mbili zimeandikwa pembeni kwa pembeni, angesema nini? Na mbona mtandio aliuvuta vile, kaukaza kifuani kama mwenye baridi, saa saba mchana?

Fundi anaujua mwili wa mtu kabla ya mumewe kushtuka. Namjua nani ana mimba kabla hajatangaza, na nani amerudiana na chakula baada ya msiba, na siku zote nimefunga mdomo, daftari langu halisomwi na mtu, Shabani mwenyewe nampa kikaratasi chenye namba bila jina. Kwa hiyo sitamuuliza. Lakini anakuja Jumamosi kujaribu sare kabla sijapiga pindo, na nimeamua nimpange mwisho, saa ambayo fremu haina watu, nimtengee kiti, nimchemshie chai ya tangawizi, tukae. Akitaka kuongea ataongea. Na kama ilikuwa kweli ni habari ya peni na bei za mishono nayo aseme, nitamwonyesha stakabadhi za bitana moja moja. Ila naomba iwe ni peni. Kwa moyo wangu wote naomba Jumamosi aje anisute kuhusu bei.

Nikimkatia kwa 34 namwachia inchi nzima ya mshono ndani kila upande, akirudi kunenepa tunafungua tu.

Saa sita usiku imepita. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo na lile bati la juu ya ovaloku linavuja tena, leo Shabani kaifunika mashine kwa nailoni na beseni juu yake, fundi bati tangu juzi hapokei simu, na mwenye fremu anasema bati ni juu ya mpangaji, haya, na kama maji yameshaingia kwenye mota sijui kesho nitazifunga vipi zile sare za shule za watu.