Doksi ya chunusi ipangiwe siku ya kukoma

Nafanya kazi ya ufamasia jijini Dar es Salaam, na kati ya dawa zote zinazoombwa dukani bila cheti cha daktari, doksisaiklini ya chunusi, wenyewe wanaiita doksi, ndiyo inayonifanya nizungumze na mteja kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Sina ugomvi na dawa yenyewe. Kwa chunusi za wastani hadi kali, zile zenye usaha, zinazovimba na kuuma zikiguswa, ambazo kwenye ngozi zetu huonekana nyeusi au za zambarau kuliko nyekundu, antibiotiki ya kumeza inasaidia kweli, na nimewaona vijana walioacha kuinamisha nyuso baada ya kutibiwa ipasavyo. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni kuianza bila kujua itakoma lini, na kuimeza peke yake bila dawa ya kupaka.

Sababu inapatikana katika namna chunusi inavyotokea. Tezi zilizo chini ya ngozi hutoa mafuta, na homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo, huzichochea zitoe mafuta mengi zaidi. Seli zilizokufa zinashikamana na mafuta hayo na kuziba kitundu cha unywele. Ndani ya kitundu kilichozibwa anastawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye wengi wetu tulisomeshwa kumwita Propionibacterium acnes kabla jina lake halijabadilishwa mwaka 2016, kisha mwili unajibu kwa uvimbe na maumivu. Antibiotiki humpunguza bakteria huyo na kutuliza uvimbe, na kwa doksisaiklini kazi ya kutuliza uvimbe ni kubwa kiasi kwamba husaidia hata katika dozi ndogo isiyoweza kuua bakteria. Haigusi mafuta wala kile kizibo. Ndiyo maana vipele vidogo visivyouma, vyenye vichwa vyeusi au vyeupe, havitikiswi na kidonge hata ukimeza mwaka mzima, na ndiyo maana mtu aliyemeza kidonge peke yake huona chunusi zikirudi mara tu pakiti inapoisha.

Kwa hiyo kidonge kinahitaji mwenzake wa kupaka. Mwenzake wa kwanza ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria kwa njia ambayo bado hawajaijengea usugu, na kwa kufanya hivyo huzuia wale wanaonusurika na kidonge wasizaliane. Anayeipaka atangulie kujua kwamba inababua rangi ya nguo, kwa hiyo usiku alalie foronya nyeupe na asijifunike kanga anayoipenda. Mwenzake wa pili ni adapalini, jamii ya vitamini A, ambayo ndiyo inayozibua vile vitundu. Hupakwa usiku kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala hailengwi kwenye kipele kimoja kimoja, na wiki za mwanzo hukausha ngozi na kuichonyota, jambo linalowafanya wengi waitupe kabla haijaanza kazi. Ikichonyota sana, ipakwe usiku mmoja na kuachwa unaofuata, juu ya mafuta mepesi yasiyoziba ngozi. Mjamzito asiitumie.

Kuhusu muda, miongozo mikubwa inasema jambo linalofanana. Mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataja doksisaiklini miligramu 100 kwa siku, au ndugu yake limesaiklini miligramu 408, pamoja na dawa ya kupaka, kisha mgonjwa apimwe upya baada ya wiki 12, na matibabu yasivuke miezi sita isipokuwa kwa sababu ya pekee. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 nao unasisitiza muda mfupi na benzoili peroksaidi pembeni. Wiki 12 si kidogo kwa kijana anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi, na mabadiliko ya maana huanza kuonekana kuanzia wiki ya sita au ya nane. Nawaomba wateja wangu waandike tarehe ya kumaliza juu ya boksi siku ile ile wanayolipokea, kwa sababu dawa isiyo na tarehe hugeuka mazoea.

Namna ya kumeza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kapsuli ya doksi ikikwama kooni huunguza njia ya chakula, na maumivu yake ni makali kiasi cha mtu kushindwa kumeza mate. Imezwe mchana au jioni mapema, baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mtu abaki wima walau nusu saa. Kuimeza kwa funda moja la maji kisha kujitupa kitandani ndiyo njia ya uhakika ya kuumia. Chai ya maziwa iwekwe mbali nayo. Kalisi iliyomo kwenye maziwa huing'ang'ania dawa isiingie mwilini, na kwa tetrasaiklini, ndugu yake wa zamani, hasara hiyo ni kubwa zaidi kuliko kwa doksi. Vivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi ya tumbo: viachiwe saa mbili au tatu. Kisha kuna jua. Doksi huifanya ngozi iungue upesi, ngozi nyeusi ikiwemo, na dereva wa bodaboda au muuza matunda wa barabarani anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajaanza, ili avae kofia, mikono mirefu, na apake kinga ya jua.

Wapo wasiopaswa kupewa kabisa. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi dawa za jamii ya tetrasaiklini, doksi ikiwemo, kwa kuwa huingia kwenye meno na mifupa inayokua. Marekani mpaka wake ni umri wa miaka 8, Uingereza ni 12. Asiimeze pia anayetumia isotretinoini, dawa nyingine ya kumeza ya chunusi sugu, kwa sababu zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, na dalili yake ni kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Na tafadhali, kapsuli zilizobaki kabatini tangu mwaka juzi zisigawiwe kwa wadogo zetu: tetrasaiklini iliyoharibika kwa kukaa imewahi kuleta madhara ya figo.

Tena si kila kinachoitwa chunusi ni chunusi. Vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vilivyotapakaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, mara nyingi ni vya fangasi, na antibiotiki huviongezea nguvu kwa kuwaondoa bakteria waliokuwa wakigombania nafasi na fangasi hao. Vingine hufuata mstari wa nywele, na chanzo chake ni mafuta mazito ya kichwani. Lakini linaloniumiza kuliko yote ni mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku nchini, hata hivyo bado vinachanganywa na kuuzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi, na steroidi kali iliyomo, klobetasoli kwa mfano, huzaa chunusi zake yenyewe. Dada anapaka mkorogo asubuhi, anameza doksi mchana, na anashangaa kwa nini uso hautulii. Hautatulia mpaka mkorogo ukome, na kuukomesha ghafla kunaweza kuuchachamaza uso vibaya sana, kwa hiyo kazi hiyo inahitaji daktari wa ngozi na si duka langu.

Watu wananiuliza kwa nini nang'ang'ania hivi kwa dawa ya bei nafuu namna hii. Kidonge kinachomezwa kwa ajili ya uso kinapita tumboni na kuenea mwili mzima, kwa hiyo kila bakteria aliyemo humo, kwenye utumbo, kooni na kwenye ngozi yote, anafundishwa kukizoea. Tangu mwaka 1979 iliripotiwa kwamba bakteria wa chunusi wameanza kuwa sugu kwa antibiotiki, na hali haijawa nyepesi tangu hapo. Doksisaiklini hii hii, kwa dozi moja ya miligramu 300, hupewa mtu mzima mwenye kipindupindu, na sisi wa mji huu tunakijua kipindupindu. Mwaka 2019 pekee, vifo takribani milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na mzigo mkubwa zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Kwa sababu hiyo hiyo siwapi watu azithromaisini, antibiotiki nyingine, ya chunusi kwa ombi la mdomo, ijapokuwa siku hizi inaombwa sana. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi.

Wiki 12 zikifika na uso umetulia, kidonge kinaachwa na adapalini au benzoili peroksaidi inaendelea kwa miezi. Zikifika na uso haujatulia, jibu halipatikani kwenye boksi lingine la doksi. Hapo ndipo daktari anapofikiria isotretinoini, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1982 na ambayo huharibu vibaya kiumbe kilichomo tumboni, hivyo haitolewi kwa mwanamke bila kinga ya uhakika ya mimba. Au kwa baadhi ya wanawake, dawa zinazodhibiti homoni. Madaktari wa ngozi ni wachache, hilo nalijua, lakini wapo Muhimbili, na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kule Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1992, kwa hiyo hata hospitali kadhaa za mikoani zina mtu wa kuuangalia uso wako.

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja akasema, "Shikamoo dada, niongezee doksi, zimeniishia." Nilimsogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuwa na kipele hata kimoja kipya, alikuwa na madoa meusi tu yaliyoachwa na chunusi za zamani, nayo ndiyo aliyokuwa akiyamezea vidonge. Madoa hayo hayana bakteria. Hufifia kwa miezi, upesi kidogo kwa dawa ya kupaka kama asidi azelaiki au adapalini, na taratibu mno kwa anayetembea juani bila kinga. Sikumwuzia doksi. Nilimwuzia kinga ya jua, na nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole kiasi cha adapalini cha kupaka usiku.