Nchi ya Waswahili iko wapi?

Jumamosi moja ya Novemba nilipanda treni kituo cha Sangbong, mashariki mwa Seoul, nikaenda mji wa Chuncheon. Ipo treni ya haraka zaidi, ila hii ya kawaida inahesabiwa kama metro, inachukua kama saa moja na dakika 20, na nauli yake haiumi. Wenye miaka 65 na kuendelea hawalipi kabisa. Ndiyo maana behewa lilijaa wazee wa Seoul, viatu vya mlimani miguuni na mabegi mgongoni, wanakwenda kula dakgalbi, kuku wa pilipili anayekaangwa mezani mbele yako, halafu jioni warudi bure vilevile. Mimi nilikuwa na daftari la msamiati. Najifunza Kikorea, na Jumatatu tulikuwa na jaribio la majina ya nchi.

Darasani somo lilionekana mteremko. Taja nchi, ongeza saram, yaani mtu, umempata mwenyeji wake. Ongeza eo, ile "o" ya mdomo wazi, umepata lugha. Hanguk ni Korea, Hanguk saram ni Mkorea, Hangugeo ni Kikorea. Nikacheka moyoni: si Kiswahili hiki, kimegeuzwa tu nyuma mbele? Sisi tunavalisha kichwani, wao wanavalisha mkiani. Mitaani utasikia pia mal, ambayo ni lugha kwa neno la nyumbani, na hapo Hanguk na mal zikikutana k inageuka ng' ya ng'ombe: Hangung'mal. Wenzangu wa Ulaya waliitolea jasho. Mimi niliinywa kama maji.

Nchi nyingi za zamani katika msamiati wao zinaishia na guk, neno la asili ya Kichina lenye maana ya nchi. Jungguk ni China, Yeongguk Uingereza, Taeguk Thailand. Marekani ni Miguk, na ukiiandika kwa herufi za Kichina inasomeka "nchi nzuri". Herufi ile ilichaguliwa kwa ajili ya sauti, si kwa sifa, lakini Wamarekani darasani walivimba vichwa wiki nzima. Zilizoingia baadaye zinaandikwa zinavyosikika, alimradi ulimi wa Kikorea ukubali. Hauna "z", kwa hiyo mimi ni Tanjania saram, na shangazi yangu wa Unguja anaishi Janjibareu.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye koti la zambarau. Tulipotoka kwenye handaki la kwanza akafungua pochi, akanitilia peremende kiganjani bila kuniuliza. Karatasi ya dhahabu. Niliposikia ladha nikashtuka: ukoko! Ukoko wa wali kabisa, umefanywa peremende. Wao wanauita nurungji. Nilivyogombania ukoko utotoni, kumbe kuna watu waliufungia kwenye karatasi wakauuza.

"Miguk saram?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali langu la kila siku huku. Siwezi kulalamika sana, maana mimi nimekulia Kariakoo, ambako mtu yeyote wa Mashariki ya Mbali akipita tulimwita Mchina, na hatukumpa nafasi ya kukanusha.

"Aniyo, halmoni. Tanjania saram-ieyo." Hapana, bibi. Mimi Mtanzania.

Akairudia Tanjania mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akasema, "Uri nara chupji?"

Uri ni -etu. Nara ni nchi. Chupji, baridi, siyo? Nchi yetu ina baridi, siyo? Nikaona jambo rahisi. "Aniyo, uri nara deowoyo!" Hapana, nchi yetu ina joto! Bibi akatazama dirishani, ambako wavuvi wamejifunika hadi masikioni, akatazama koti langu lenye unene wa godoro, akapasuka kicheko hadi mzee wa kiti cha mbele akageuka. Mkorea akisema uri nara anamaanisha Korea, hata akiwa anaongea na mimi. Ni kama "kwetu" ya mtu wetu: ukiisikia, usidhani umekaribishwa humo.

Akataka kujua ninaongea lugha gani. Nikajibu kwa kujiamini, "Seuwahilli-eo, Yeonggugeo." Kicheko kingine. "Yeongeo!" Kiingereza kimetupa ile guk, kimebaki Yeongeo, basi. Sheria imevunjika mahali nilipoihitaji zaidi. Lakini nani wa kulaumu? Na sisi tuna Marekani na Mmarekani, halafu ukisema Kimarekani watu watakuuliza unamaanisha ile merikani ya zamani, kitambaa cha pamba, au vipi.

Lililonishinda ni swali la mwisho. "Seuwahilli, hiyo ni nchi gani?"

Ni swali halali. Kama Hangugeo ina Hanguk, Seuwahilli-eo nayo iwe na nchi yake. Nikatafuta kichwani, nikakuta Uswahilini tu, na hiyo ningeielezaje kwa Kikorea cha miezi miwili, na vyoo vya jumuiya na singeli ya usiku? Nikahesabu kwa vidole: Tanjania, Kenya, Uganda, Kongo. Yeye akainua viwili: Namhan, Bukhan, Kusini na Kaskazini. Sikumwambia nilichokisoma, kwamba Kaskazini hata hilo Hanguk hawajiiti, wao ni Joseon, na lugha yao Joseonmal. Bila shaka alilijua kabla sijazaliwa.

Akashuka kituo cha Namchuncheon, akaniachia peremende mbili zaidi.

Nilikuwa nakwenda Gongjicheon, ukingoni mwa maji, kwenye mnara wa askari wa Ethiopia. Zaidi ya 3,000 walipigana vita vya Korea na zaidi ya 120 hawakurudi. Haile Selassie mwenyewe alikuja kuuzindua mnara huo mwaka 1968. Jumba la kumbukumbu lina mapaa ya msonge, na juu yake imeandikwa Etiopia. Kibao cha barabara hiyohiyo kinasema Idiopia, tahajia ya zamani, na mkahawa wa upande wa pili, uliokuwepo tangu mwaka huohuo wa 1968, nao umeshikilia Idiopia yake. Nikaziandika zote mbili daftarini.

Niliingia kunywa kahawa. Msichana wa kaunta akanitazama, na kwa mara ya kwanza ndani ya miezi miwili Miguk haikutajwa.

"Etiopia saram-ieyo?"

"Aniyo. Nchi jirani ya nchi yao jirani," nikamwambia kwa Kikorea changu cha kuunga.

Akapiga hesabu kidogo, akakata tamaa, akaniuliza kama naweka sukari.