Juliet Aliyeuliza Habari za Ndoa

Kila ninapomsikia kijana akidai kwamba upinzani wa wazazi ndio unaothibitisha ukweli wa penzi lake, humkumbuka Shakespeare, kwa kuwa naamini wazo hilo limeenezwa na tamthilia ya Romeo na Juliet kuliko kazi nyingine yoyote ya fasihi ya Ulaya.

Kisa chenyewe hakukibuni yeye. Alikichukua hasa katika shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo dibaji yake inawalaumu wapenzi hao waziwazi kwa kufuata tamaa na kupuuza mamlaka na nasaha za wazazi. Katika tamthilia, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, lawama zinaangukia uhasama wa koo zao mbili, Montague ya Romeo na Capulet ya Juliet. Mambo ambayo kwa Brooke yanachukua miezi, kwa Shakespeare yanaanza Jumapili na kwisha alfajiri ya Alhamisi, na Juliet wa karibu miaka 16 anakuwa binti ambaye hajatimiza 14. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo haraka ilipoanza kuhesabiwa kuwa sifa ya mapenzi.

Ninachosikitikia ni kwamba tuliishika haraka hiyo tukamsahau Juliet mwenyewe. Katika soneti (mashairi mafupi ya mapenzi) za mshairi wa Italia Petrarch na wafuasi wake, mara nyingi mwanamke husifiwa bila kusikika akisema lolote. Lakini hawa wawili, wanapokutana karamuni, maneno yao ya kwanza ni soneti ya mistari 14 wanayoitunga kwa kupokezana, na binti hamwachii mwanamume azungumze peke yake. Usiku ule ule, akiwa dirishani, ni yeye anayehofu kwamba maagano yao ni ya ghafla mno, kama umeme unaotoweka kabla mtu hajasema kwamba unamulika. Ni yeye pia anayemtaka Romeo, ikiwa nia yake ni njema, ampelekee kesho yake habari za mahali na saa ya kufunga ndoa. Romeo, ambaye mchana wa siku hiyo alikuwa akimlilia Rosaline, msichana aliyempenda kabla yake, hakuwa amelitaja neno ndoa.

Hadi leo watu wa nchi nyingi humwandikia Juliet barua huko Verona, mji wa Italia ambako kisa hicho kinatokea, wakimwomba ushauri wa mapenzi, na watu wanaojitolea huzijibu kwa niaba yake. Sishangai hata kidogo kwamba wanamwandikia yeye.