Kidoa cha sikioni

Leo daktari wa ngozi amemkagua mtoto wa kaka yangu mwili mzima: shingo, midomo, nyuma ya masikio, mpaka ngozi ya kichwa katikati ya nywele. Ana ualbino, yuko darasa la tano. Sikioni kulikuwa na kidoa kikavu chenye magamba, kinachokwaruza ukikipapasa. Daktari akakigandisha palepale kwa nitrojeni ya kimiminika. Mtoto alikunja uso, kisha akaniuliza, "Shangazi, hii ndiyo saratani?"

Bado siyo, nikamjibu, na hiyo "bado" imenikosesha usingizi. Kidoa kile ni ngozi iliyoumizwa na jua. Vingine hubaki hivyo miaka, vingine hugeuka kuwa saratani ya seli bapa, aina ya saratani ya ngozi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wenye ualbino huku kwetu. Melanini, rangi inayotukinga sisi wengine, kwao ni kidogo mno au haipo kabisa, na mionzi ya jua hupenya hata siku ya mawingu. Ikiwahiwa, saratani hii hukatwa ikaisha. Kinachoniuma ni kwamba wengi hufika hospitali kidonda kimeshakula shavu, baada ya miezi ya kupaka dawa za dukani wakingoja kipone chenyewe.

Watu bado wananiambia saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma, aina nyingine ya saratani ya ngozi, iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kwa watu weusi melanoma hupenda kujificha huko: kwenye nyayo, chini ya kucha. Hata kovu la moto, au kidonda kilichokaa miaka, huweza kugeuka saratani. Jioni nimemkagua mama nyayo zake. Alishangaa, lakini akaniachia.

Mafuta ya kujikinga na jua tunayo, Kilisun, yanayotengenezwa hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kwa ajili ya wenye ualbino. Ila mafuta peke yake hayatoshi. Lazima kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli. Shuleni kwao wanasimama mstarini juani, na kofia hairuhusiwi kwa kuwa si sehemu ya sare. Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu na barua ya daktari. Nitaomba aruhusiwe kofia, asimame barazani, na kipindi chake cha michezo kisiwe saa sita mchana. Akikataa, nitapanda hadi kwa afisa elimu.