Mikoba sitini yenye jina

Ilikuwa Septemba 2017, wiki chache baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 28, na Mombasa nzima ilikuwa ikisaka mifuko ya kitambaa. Nilikuwa na duka la mlango mmoja kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, si mbali na Ngome. Nikiuza mikoba niliyoikata kwenye leso, yaani kanga. Kukata nikikata mwenyewe, kushona akishona fundi ambaye nilimlipa kwa kila mkoba anaoumaliza. Reja reja nikiuza shilingi 700.

Akaingia mama mmoja mwenye duka la zawadi huko Diani. Aliupindua mkoba nje ndani, akauvuta mkanda kwa mikono miwili kuona kama mshono utaachia. Haukuachia. Nilimpenda pale pale, maana wateja wengi hutazama rangi tu.

"Bei ya jumla ngapi, dada? Nataka sitini."

Hakuna aliyewahi kuniuliza bei ya jumla. Nilichukua zile 700, nikapunguza, nikapunguza tena, nikasema 420. Akakubali bila kubishana. Malipo baada ya siku 30 tangu mzigo ufike; yaani mali kauli, nami nikaitikia. Akiwa mlangoni akageuka: "Na yote iwe na jina mbele, ule msemo wa leso. Wageni wanapenda maneno, wakiniuliza maana yake nawafasiria. Lakini majina mazuri, usiniletee mafumbo ya wake wenza."

Nikasema inshallah. Nilikuwa na furaha mno hata sikulisikia lile neno "yote".

Jioni nilikwenda Kibokoni kumpa khalati wangu, dada yake mama, habari. Yeye ameuza leso maisha yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta leso iliyokuwa juu ya kitanda, akaitandaza sakafuni.

"Leso ina majina mangapi, mwanangu?"

Moja. Kila mtoto wa pwani anajua: pindo huzunguka pande zote, mji uko katikati, na jina ni moja tu, chini ya mji. Mimi nilikuwa nikiikata leso kwa urefu na kupata mikoba miwili, wa nusu ya chini wenye jina na wa nusu ya juu wenye maua matupu. Dukani yote miwili ilinunuliwa, kwa hiyo sikuwahi kuwaza. Sasa mikoba sitini yenye jina maana yake leso sitini, pea 30, si pea 15.

Khalati akaniletea daftari. Pea ilikuwa shilingi 500, basi leso moja 250. Kwa hesabu yangu ya zamani kitambaa cha mkoba mmoja kilikuwa 125, bitana ya marekani, zipu na uzi 95, fundi 100. Jumla 320, nibaki na 100. Nikiweka leso nzima, mkoba unanigharimu 445. Nimeuza 420.

"Na wewe unayekata," akauliza, "ujira wako umeuandika wapi?"

Sikuwa nimeuandika popote. Miaka mitatu ya kukata, vidole vina sugu za mkasi, na kwenye daftari sikuwemo. Nililia. Khalati aliniacha nilie, akaenda kuchemsha chai.

Nilitaka kumpigia yule mama nivunje. Khalati akakataa, neno limeshatoka. Fedha za pea 15 za ziada, shilingi 7,500, nilizipata kwa kubadilishana zamu na mwenzangu wa chama cha kuchangiana. Kisha tukazunguka Mtaa wa Biashara siku mbili, duka kwa duka, tukisoma majina. "Hasidi hana sababu" tulizirudisha. "Wema hauozi" tulipata pea sita tu, na muuzaji akatuambia chapa ile imekwisha. Hapo nilijifunza jambo jingine la leso: huwezi kumwahidi mtu sitini zinazofanana.

Mzigo niliupeleka mwenyewe. Feri ya Likoni kwa miguu haina nauli, kwa hiyo nilivuka na viroba viwili, mvulana wa jirani akinibebea kimoja, ng'ambo tukapanda matatu hadi Ukunda. Mama aliikagua mikoba mmoja mmoja. Alipofika wa mwisho akasema anataka arobaini zaidi.

Nilikuwa na karatasi kwenye pochi, tumeiandika mimi na khalati: kitambaa, bitana, fundi, na mstari wa nne, mkataji, shilingi 60. Nikamwonyesha. Nikamwambia wenye jina ni 600, wa maua 420, majina yatachanganyika, na nusu ya fedha natanguliziwa. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Akaisoma karatasi kwa muda mrefu. "Kwa hii sitini umekula hasara," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akachukua simu yake. "Nitumie ishirini yenye jina na ishirini ya maua. Namba yako ya M-Pesa ndiyo ile ile?"

Zile nusu sitini za maua zilikuwa bado zimekunjwa kwa khalati, chini ya kitanda. Ishirini za kwanza nilizitoa usiku ule ule.