Pumzi ya Sauti ya Tatu

Majira ya baridi ya mwaka 1995 nilikuwa masomoni Cardiff, mji mkuu wa Wales, nikipanga chumba cha juu katika nyumba ya mzee mmoja mgane, mwalimu mstaafu. Jumapili moja jioni alinisikia nikishuka ngazi huku nikijiimbia sauti ya tatu, yaani tena, ya wimbo wa kwaya yetu ya Moshi, akaniita sebuleni na kuniuliza nilijifunza wapi kuimba. Nilimjibu kwamba nilijifunza kwa mwalimu wa kwaya aliyeandika nota ubaoni kwa chaki, na ambaye kwake muimbaji wa sauti ya tatu alikuwa bado hajaanza kazi mpaka mishipa ya shingo imtoke.

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa santuri za opera (tamthilia inayoimbwa) ya Mozart, Don Giovanni, iliyorekodiwa mwaka 1973 chini ya uongozi wa Colin Davis.

"Msikilize mtoto wa kwetu," alisema.

Mtoto huyo alikuwa Stuart Burrows, muimbaji wa sauti ya tatu, aliyezaliwa mwaka 1933 Cilfynydd, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe karibu na Pontypridd, katika mtaa uleule wa William Street alikozaliwa muimbaji mwingine mashuhuri wa opera, Geraint Evans. Kilichonigusa zaidi ni kwamba alikuwa mwalimu wa shule, kama mimi. Alishinda katika Eisteddfod ya Taifa, tamasha la mashindano ya sanaa la Wales, mwaka 1959, lakini alikuwa ametimiza miaka 30 alipopanda jukwaani na kampuni ya Welsh National Opera mwaka 1963. Miaka minne baadaye akaimba katika jumba la opera la Covent Garden, London, na mwaka 1971 katika lile la Metropolitan, New York.

Mpaka siku hiyo mimi niliamini kwamba opera ni kupiga kelele kwa Kiitaliano. Basi ukafika wimbo wa Don Ottavio, mhusika aliyeimbwa na Burrows, "Il mio tesoro", na mzee akainua kidole pale muimbaji alipoishika silabi ya mwisho ya neno "tornar", yaani kurudi. Sauti ilisimama juu ya nota moja bila kutikisika, halafu ikaanza kushuka na kupanda kama mtu anayezijua ngazi za kwao gizani. Kidole kilibaki hewani. Niliyeishiwa pumzi ni mimi, niliyekuwa nimekaa kitini.

Mzee akafungua kitabu cha nyimbo cha kanisa lake, na nikapigwa na butwaa: herufi zilezile za nota, d, r, m (do, re, mi), nukta na mistari, nilizodhani ni mali ya kwaya zetu. Tuliimba Cwm Rhondda, wimbo wa kanisa wa Wales, yeye sauti ya nne, yaani besi, kwa Kiwelisi, mimi ya tatu kwa Kiswahili. Kwenye mstari wa mwisho nilikaza shingo kama nilivyofundishwa, na sauti ikakatika.

Aligonga meza. "Unangoja pumzi ziishe ndipo uvute. Yule wa kwenye santuri huvuta kabla hajazihitaji."

Tulirudia mara mbili. Mara ya tatu niliufikia mwisho nikiwa bado na pumzi ya kuongea, na nikaitumia kumwomba tusikilize tena. Akaishika santuri kwa kingo zake, akaipuliza vumbi, akairudisha sindano mahali pa Ottavio.